Mkamwana Ndani ya Redio

Babu Gwamaka alikuwa na wimbo mmoja aliouita "yule wa vyungu". Jina lake halisi hakulijua, wala mwimbaji wake. Alichojua ni kwamba kwenye redio yake ndogo ya memori kadi, ukibonyeza kitufe cha mbele mpaka uipite ile kwaya yenye kinanda kirefu, unaukuta. Akiupata anakaa. Hata kama wingu limeshashuka kutoka milimani na kokoa bado zimeanikwa, yeye anakaa mpaka uishe.

"Kisa," ananiita, "njoo uniwekee yule wa vyungu. Vidole vyangu vinanipeleka kwa wahubiri tu."

Naenda, namwekea. Na kila nikimwekea, huko jikoni sauti ya ungo inakatika. Mamdogo Atupele ameacha kupepeta. Anasikiliza kama mtu aliyesikia nyoka kwenye dari.

Kwa sababu aliyeimba ni yeye. Na Babu Gwamaka ni baba mkwe wake.

Kwa wasomaji wa mbali niseme kidogo. Kwetu Unyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe. Si woga wa fimbo. Ni kwamba hawaonani uso kwa uso, hawashikani mikono, hawali pamoja, na mwanamke hapazi sauti pale mzee alipo. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza. Ukienda Kyela mjini utawakuta wamekaa kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Kwa Babu Gwamaka, hapa Busale, bado. Babu akitaka kupita uani anakohoa kwanza, kikohozi kimoja kikubwa chenye mkia, kama honi ya lori linaloteremka mlima. Mamdogo akikisikia anajivuta kitenge usoni na kuingia migombani. Chakula anapika yeye, ninapeleka mimi. Tangu aolewe, babu anamfahamu kwa chumvi yake tu.

Sasa sauti ya mwanamke huyo huyo ilikuwa inaimba kwenye mapaja ya mkwe wake, asubuhi na jioni.

"Wakijua," mamdogo aliniambia, "wifi yangu Jubilate hatasubiri jua lizame. Nitarudi Ikombe na godoro langu kwenye mtumbwi. Na huyu atabaki." Alikuwa anamwosha miguu Angetile, mwanawe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Ng'ombe wa mahari walishatolewa wote, na kwetu wakishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo haikuwa habari ya wimbo. Ilikuwa habari ya Angetile.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtilia shaka kila mtu aliyepita karibu na redio ile.

Mamdogo Atupele ni Mkisi, mzaliwa wa Ikombe, kule ambako ukitaka kufika unapanda mtumbwi Matema na kufuata ukingo wa ziwa, mlima ukiwa umekusimamia kwa upande mmoja. Mama yake anafinyanga vyungu, bibi yake alifinyanga, yeye mwenyewe alifinyanga mpaka alipoolewa na baba mdogo Lugano. Wakifinyanga wanaimba. Anasema si kwa furaha. Ni kwa sababu mkono ukikosa mwendo, chungu kinatoka na upande mmoja mzito. Ndiyo maana hata leo hawezi kuimba mikono ikiwa imetulia. Lazima ashike kitu, azungushe.

Matema aliimba kwaya. Alipokuja Busale aliiacha, na sababu yake ni rahisi: babu ni mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, na wanakwaya husimama wakiwatazama watu wa mbele. Angesimamaje pale? Kwa hiyo akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na nyimbo za ibada anazitamka kwa midomo bila kutoa sauti. Nilikuwa nakaa naye. Nilidhani hajui maneno.

Baba mdogo Lugano alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na kutoka huko akamtumia simu ya kupapasa, zile za bei ndogo ambazo kioo chake kinapasuka ukikitazama vibaya. Alimtumia ili wawe wanaonana. Mamdogo akagundua kwamba ndani yake kuna kitu cha kurekodi, na kwamba ukichomeka waya wa masikioni, kile kidude kidogo cha kuongelea kinaweza kuwa maikrofoni.

Mimi niliyajua haya kwa kushuku. Mchana mmoja nilirudi shuleni mapema, babu yuko kwenye kokoa, nyumba kimya, nikasikia mtu anaongea ndani ya ghala la mpunga. Sauti ya mwanamke, chini chini, inarudia jambo lilelile, inanyamaza, inarudia. Nikajua kuna mwanaume mle ndani. Nikasogea. Hakuna aliyemjibu. Nikabadilisha mawazo, nikajua ni pepo. Nikasukuma mlango na mwiko wa ugali mkononi.

Mamdogo alikuwa amejibanza katikati ya magunia ya mpunga, blanketi kichwani, waya umening'inia kidevuni kama ndevu, mikono inazungusha sufuria tupu.

"Funga mlango," alisema. "Unaniharibia."

"Unafanya nini?"

"Narekodi. Gunia la mpunga linakula mwangwi. Chumbani sauti inarudi kama nipo ndani ya pipa, hapa inatulia."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilijaribu chumbani, nikajaribu jikoni, nikajaribu hapa."

Sauti ile aliituma kwa wasapu kwa kijana anayeitwa Jackson, Kyela mjini, aliyempata kwenye kundi la nyimbo za injili. Jackson ana kompyuta ya mtumba, kazi yake ni kutengeneza biti. Hawakuwahi kuonana. Mamdogo anatuma sauti, yeye anaweka ngoma chini yake na kurudisha. Mamdogo anasema ngoma inakimbia, yeye anaipunguza. Wimbo mzima ulitengenezwa hivyo, mmoja kwenye mpunga, mwingine sijui wapi. Jackson hakuwa na picha kwenye wasapu, alikuwa na picha ya simba. Mtu mwenye picha ya simba mimi simwamini, nikamwambia mamdogo hivyo.

"Mimi nimeweka picha ya ua," alinijibu. "Naye haniamini. Tuko sawa."

Wimbo wenyewe unasema:

Chungu changu kibichi, usikiguse kwa kidole,
kina mama yake, kina jua lake, kina moto wake.

Halafu kiitikio cha Kikisi, ambacho mamdogo alikisikia kwa bibi yake akakigeuza kidogo. Jackson aliuweka Yutubu kwa jina la Mama Chungu, na picha ya chungu aliyoitoa mtandaoni, cheusi, chenye masikio. Mamdogo alikasirikia masikio yale kuliko kitu kingine. "Chungu cha Ikombe kina masikio wapi?" Lakini alifurahi kwamba uso wake haupo na jina lake halipo.

Na hapo ndipo alipokosea, na naona si yeye peke yake kwetu huku ambaye angekosea hivyo. Alipiga hesabu kwamba mtandao ni mahali, kama soko, na asiye na simu kubwa hafiki. Babu ana kitochi cha vitufe. Kitochi hakina Yutubu. Basi sauti yake ikikaa huko itazunguka Mbeya, itazunguka Dar es Salaam, itafika hata Malawi ng'ambo, lakini sebuleni kwa mkwe haitaingia.

Hakufikiria kwamba vitu vya mtandao vinashuka. Watu waliukata wakauweka kwenye stetasi. Bodaboda wakauchukua kutoka kwenye stetasi wakauweka kwenye spika zao. Vibanda vya kuingizia nyimbo vikauchukua kwa bodaboda. Na siku moja Mzee Hezroni, rafiki wa babu toka ujana, akaja na memori kadi kwenye kiganja kama anayemletea ugoro, akasema, "Mwenzangu, weka hii. Kuna mwanamke humo ndani."

Wiki ile ya kuvuna mpunga babu alicheza wimbo ule mbele ya vibarua, jembe begani, yeye mzee wa kanisa. Vibarua wakapiga vigelegele. Mamdogo alikuwa nyuma ya migomba na ndoo ya maji ya kunywa, hakuweza kuwapelekea.

"Nikatae kuuweka?" nilimuuliza mamdogo siku nyingine babu aliponiita.

"Ukikataa atauliza kwa nini."

"Niifute kadi?"

"Atamwomba Hezroni nyingine. Weka. Na usinitazame mimi ukiuweka."

Nikawa nashuku hata macho yangu.

Shangazi Jubilate anakaa Talatala, lakini kwao ni hapa na hilo hakuna anayeruhusiwa kulisahau. Alikuja kuchukua mgao wake wa mpunga, akamkuta babu na redio. Aliusikiliza wimbo akiwa amesimama, kikapu kichwani. Aliusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Rudisha."

Nilirudisha.

"Huyu ni Mkisi," alisema.

"Wakisi wako wengi," babu alisema. "Ziwa zima."

"Na anaimba vyungu."

"Ulitaka Mkisi aimbe nini, treni?"

Shangazi hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akalitazama jiko, ambalo lilikuwa kimya mno kwa saa ya kupika. Alipoondoka aliniomba nimsindikize mpaka barabarani. Njiani akaniuliza masomo, akaniuliza Angetile anakula, na mwisho, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyo mamdogo wako, bando la simu ananunuliwa na nani?"

"Baba mdogo anamtumia."

"Mh."

"Kweli, shangazi."

"Sijasema siyo kweli. Nimesema mh."

Alijirushia wimbo kwenye simu yake akaondoka nao Talatala. Najua aliusikiliza sana, kwa sababu alichokipata mle mimi sikuwa nimekisikia, na mimi nilikuwa nauweka kila siku. Mwishoni kabisa, sauti ikiwa imeshazama na ngoma inafifia, kuna kikohozi. Kiko mbali, kama nje ya ukuta. Kikubwa, kina mkia. Bila shaka siku ile mamdogo alipomaliza mstari wa mwisho babu alikuwa anaingia uani, na Jackson, ambaye hakujua ni cha nani, alikiacha kwa kuona kinapendeza.

Jumapili, baada ya ibada, shangazi aliita kikao. Babu alikaa sebuleni kwenye kiti chake. Shangazi akakaa karibu na dirisha, simu mkononi. Mzee Hezroni aliitwa kwa sababu kadi ilitoka kwake. Mamdogo alikaa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, asionekane, Angetile mgongoni ingawa mtoto alishazidi kubebwa. Mimi nikawekwa mlangoni, katikati, nipeleke maneno. Kazi hiyo niliifanya nikiwa na jasho, maana anayepeleka maneno anaweza kushukiwa na pande zote.

"Tata," shangazi alimwambia babu, maana ni baba yake, "huo wimbo unaoupenda, unamjua anayeuimba?"

"Najua ni mwanamke."

"Sikiliza mwisho." Akauweka. Ngoma ikafifia, kikohozi kikaja.

Akausimamisha hapo.

"Hicho ni cha nani?" shangazi aliuliza.

Mzee Hezroni alikuwa anajizuia kucheka, mabega yanatikisika. "Chako hicho, Gwamaka."

"Changu hakina mkia namna hiyo."

Aliomba kirudiwe. Kikarudiwa. Alitazama sakafu, na mimi nikamtazama yeye, nikitafuta mshangao usoni mwake. Sikuuona. Inawezekana wazee hawashangai kwa uso. Inawezekana pia kitu kingine.

"Kisa," alisema mwishowe. "Muulize aliyeko jikoni, aliimbia wapi."

Nilikwenda hatua zangu mpaka kwenye mianzi. "Babu anauliza uliimbia wapi."

"Mwambie ghalani, kwenye magunia."

Nilirudi. "Ghalani, kwenye magunia."

"Alikuwa anamwimbia nani?"

"Anasema hakumwimbia mtu. Aliimbia simu."

"Na simu ikampelekea nani?"

Nilisikia Angetile, ameshashushwa chini, anacheza na kifuniko cha sufuria. Halafu mamdogo akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mwambie nilidhani inawapelekea wenye simu kubwa. Yeye ana kitochi."

Nililifikisha kama lilivyo. Mzee Hezroni alishindwa, akatoka nje kucheka huko. Shangazi hakusubiri arudi.

"Na huyo Jackson aliyeuweka Yutubu ni nani? Kyela mjini nimeuliza. Ni kijana, hana mke. Mwanamke ambaye mume wake yuko Chunya anatumiana sauti na kijana asiye na mke, halafu sauti hiyohiyo inaingia sikioni kwa mkwe wake. Mimi nasema Lugano apigiwe."

Lugano alipigiwa, simu ikawekwa spika. Dada yake alimweleza yote kwa pumzi moja. Upande wa pili kukawa na upepo, na mtu anagonga chuma.

"Dada," baba mdogo alisema, "mimi huku niko kwenye shimo, mtandao unakatika."

"Haujakatika, nakusikia."

"Unakatika," alisema, na ukakatika.

"Arudi kwao," shangazi alisema. "Mtoto nitamlea mimi."

Jikoni kifuniko cha sufuria kiliacha kugonga. Mimi sikutumwa, lakini nilijikuta naelekea kwenye mianzi. Babu akaniita nirudi.

"Jubilate," alisema. "Huyu mkamwana amewahi kukanyaga sebule hii?"

"Hapana."

"Amewahi kunifuata nilipo?"

"Tata, sauti..."

"Nauliza miguu yake. Hajawahi. Kadi aliniletea Hezroni. Aliyekuwa anabonyeza ni mimi, na nikishindwa namwita mjukuu anibonyezee. Kwa hiyo aliyemfuata mwenzake ni nani? Mimi ndiye niliyekuwa namwita kila siku, asubuhi na jioni, nimtoe kwenye magunia aje aniimbie. Kosa la kufuatana ni la aliyefuata. Nitatoa jogoo, mpelekeeni. Godoro libaki lilipo."

"Unageuza, Tata."

"Basi nimegeuza. Kula, uende, mvua inakuja."

Akaichomoa kadi kwenye redio akanipa niipeleke nje kwa Mzee Hezroni. Jogoo alikamatwa na mimi, mwekundu, mkorofi, akanikwaruza mkono. Nilipompeleka jikoni mamdogo alikuwa amekaa chini, mtoto amemshika kwa mikono yote miwili, hakuweza kumpokea jogoo. "Ndaga fijo," alisema, na sikujua ananishukuru mimi, babu au jogoo. Nilimfunga kwenye mguu wa kinu.

Mpaka leo watu wa Busale wanamsifu babu kwa hekima. Mimi nina wasiwasi wangu. Angesema kosa ni la mamdogo, lingejadiliwa kanisani, na lingejadiliwa pamoja na mzee wa kanisa aliyecheza mbele ya vibarua na jembe begani, akichezea sauti ya mke wa mwanawe. Aliposema kosa ni lake, liliishia kwenye jogoo. Na Mkisi aimbaye vyungu, katika nyumba yenye mkamwana wa Kikisi, kweli hakumpitia akilini hata mara moja? Nilimuuliza nikiwa namchambulia maharage. Akaniuliza kama nimemaliza kazi za shule.

Shangazi naye hakuridhika. Anakuja mara nyingi kuliko zamani, na hakosi swali kuhusu simu.

Bodaboda wakipita na wimbo ule babu huinuka na kuingia ndani. Wakati mwingine spika ni kubwa, unamfuata mpaka chumbani, naye hutokea mlango wa nyuma kuelekea kwenye kokoa. Redio yake sasa ina kadi mpya. Wahubiri watupu.

Halafu wiki iliyopita, akiwa anafunga kamba za viatu, aliniambia bila kuinua kichwa, "Nasikia huyo Mama Chungu anatoa mwingine."

"Umesikia wapi, babu?"

"Hezroni. Kamwambie aliyeko jikoni anitajie jina la huo mpya. Nisije nikaupenda bila kujua."

Nilikwenda. Mamdogo alikuwa anapepeta. Nilipomfikishia hakuacha, lakini alipunguza.

"Anataka jina ili aukwepe," aliuliza, "au ili autafute?"

"Sijui."

"Amekutuma yeye, au umejituma wewe?"

"Amenituma yeye, mamdogo. Kweli."

Alinitazama jinsi shangazi alivyolitazama jiko siku ile. Simu yake ililia ujumbe juu ya kinu; nikaona picha ya simba. Aliilaza kifudifudi.

"Mwambie sijaimba kitu," alisema.

Niliporudi kutoka shule kesho yake, nilipita ghalani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilisukuma kidogo, kisha kwa nguvu. Umewekwa komeo kwa ndani.